SOMO LA AFYA KAZINI: Jinsi ya Kuitafuta Dawa Yako Katika Orodha ya Watafiti wa Saratani



Wanachama wa mashambani hutuletea swali moja karibu katika kila semina: "Dawa hii tunayopulizia, je, inaleta kansa?" Wenzao wa viwandani huuliza vivyo hivyo juu ya vumbi, moshi na gundi. Jibu wanalolipata kwa msimamizi huwa fupi: "Hiyo ni dawa ya majani tu, haina neno." Jibu la mtaani huwa kinyume chake: "Mtakwisha nyote." Majibu hayo mawili hayamfai mfanyakazi, maana la kwanza linamlaza usingizi na la pili linamkatisha tamaa.

Jibu lililotokana na utafiti lipo, tena limewekwa wazi kwa watu wote bila malipo. Taabu ni kwamba limo ndani ya vitabu vingi vinene, vilivyoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na mtu asiyeonyeshwa njia hupotea humo kama mgeni sokoni. Katika somo hili tunakuonyesha njia. Lisome pamoja na wenzako wa tawi, mkiwa na lebo ya dawa yenu mkononi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

1. KAZI HII NI YA NANI?

Mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani lilianzisha chombo chake cha kuchunguza saratani, yaani kansa. Chombo hicho huitwa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, na makao yake yako katika mji wa Lyon, Ufaransa. Kwa kifupi cha Kiingereza huandikwa IARC. Tangu mwaka 1971 shirika hilo lina mpango maalumu wa kuchunguza, kitu kimoja baada ya kingine, vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu. Matokeo hutolewa katika vitabu vyenye namba, na kila kitabu huitwa juzuu. Juzuu zimekwisha kupita 130, na vitu vilivyochunguzwa vimepita 1,000.

Wataalamu hawaendi Lyon kufanya majaribio mapya. Wanaalikwa kutoka nchi mbalimbali, wanakusanya uchunguzi uliokwisha kuandikwa na kuwekwa wazi, wanaupima, wanajadiliana, kisha wanatoa uamuzi. Kwa mfano, waliokutana mwezi Machi 2015 kuchunguza dawa tano za kuua wadudu na magugu walikuwa 17, kutoka nchi 11. Wawakilishi wa makampuni wanaweza kukaribishwa kusikiliza, lakini hawaandiki uamuzi.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo: shirika hili halina uwezo wa kupiga dawa marufuku. Kupiga marufuku ni kazi ya serikali. Watafiti hutoa elimu tu. Kuitumia elimu hiyo ni juu ya serikali, ya waajiri, na yetu sisi katika vyama.

2. ANZA NA LEBO, USIANZE NA ORODHA

Wengi hukosa njia hapa. Mtu huchukua jina kubwa lililoandikwa mbele ya chupa, akalitafuta katika orodha, asilione, akasema: "Dawa yetu haimo, tuko salama." Kumbe jina lile ni jina la biashara tu. Dawa moja yaweza kuuzwa kwa majina mengi, kila kampuni na lake. Watafiti hawatumii majina ya biashara. Wanatumia jina la kile kitu chenye nguvu kilichomo ndani ya dawa.

Kwa hiyo geuza chupa. Nyuma, kwa herufi ndogo, utakuta jina la kitu hicho pamoja na kipimo chake, kwa mfano gramu 360 katika kila lita. Katika dawa nyingi za kuua magugu jina hilo ni glifosati, na kwenye lebo ya Kiingereza au ya Kifaransa utaliona limeandikwa glyphosate. Dawa iuzwayo kwa jina la Roundup ni mojawapo tu kati ya zile ambazo zimetumia kitu hicho.

Kama lebo imefutika, au kama dawa imehamishiwa kwenye debe lisilo na jina, simama hapo hapo. Debe lisilo na jina ni hatari kabla hata hujafika kwenye utafiti. Katibu wa tawi aende stoo akadai kuona chombo cha asili, au karatasi ya usalama ya dawa hiyo. Karatasi hiyo hutolewa na mtengenezaji, na kwa utaratibu wa kimataifa ina sehemu 16. Si lazima uzisome zote siku moja. Sehemu ya 2 hueleza hatari zake, ya 3 hutaja vitu vilivyomo, ya 4 huduma ya kwanza, ya 8 vifaa vya kujikinga, na ya 11 madhara yake kwa mwili.

3. NAMBA INAYOVUKA MIPAKA

Wasomaji wa kurasa hizi wako katika nchi kadhaa. Lebo ya mmoja imeandikwa kwa Kiingereza, ya mwingine kwa Kifaransa, na kazini tunazungumza Kiswahili. Jina la dawa likivuka mpaka hubadilika herufi. Lakini ipo alama isiyobadilika: namba ya CAS. Ni utaratibu ulioanzishwa Marekani mwaka 1965, ambao hukipa kila kitu cha kikemia namba yake peke yake, kama vile kitambulisho cha mtu. Utaikuta katika sehemu ya 3 ya karatasi ya usalama. Hizi hapa ni baadhi:

Glifosati: 1071-83-6
Malathioni: 121-75-5
Diazinoni: 333-41-5
DDT: 50-29-3
Lindani: 58-89-9
2,4-D: 94-75-7
Benzeni: 71-43-2

Namba hii ina faida nyingine: inajikagua yenyewe. Ukiinakili vibaya stoo, hesabu itakuumbua. Tuchukue lindani, 58-89-9. Iache pembeni tarakimu ya mwisho, yaani 9. Zilizobaki ni 5, 8, 8, 9. Anzia kulia kwenda kushoto: 9 mara 1 ni 9, 8 mara 2 ni 16, 8 mara 3 ni 24, 5 mara 4 ni 20. Jumla ni 69. Tazama tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo: ni 9, sawa na ile uliyoiacha pembeni. Namba imenakiliwa sawa. Isipolingana, rudi stoo ukasome tena.

Tahadhari moja. Wakati mwingine kitu hutiwa katika dawa kwa umbo la chumvi, na chumvi hiyo ina namba yake nyingine. Glifosati iliyo katika umbo moja la chumvi litumikalo sana huandikwa 38641-94-0. Ukiitafuta namba hiyo katika orodha usiione, usifunge daftari. Tafuta tena kwa jina.

4. NJIA ZA NDANI YA ORODHA

Sasa tuingie kwenye orodha yenyewe. Twaweza kuipata hata kwa simu yenye intaneti, au kwa kumwomba mwalimu au mganga atutolee nakala. Imepangwa kwa safu. Safu moja ni ya namba ya CAS, nyingine ya jina, nyingine ya kundi, nyingine ya juzuu, kisha kuna safu za miaka.

Hiyo miaka huwachanganya watu, kwa sababu ni ya aina mbili: mwaka wa kutoa uamuzi na mwaka wa kuchapisha juzuu. Glifosati iliamuliwa mwaka 2015, lakini juzuu yake kamili, ya 112, ilichapishwa mwaka 2017. Mkiandika barua kwa mwajiri tajeni mwaka wa uamuzi pamoja na namba ya juzuu, ili pasiwe na nafasi ya kubishana juu ya tarehe.

Orodha si ya madawa peke yake. Humo mna vumbi, mna moshi, na mna hata kazi nzima nzima. Kwa mfano, kazi ya kupaka rangi majengo na vyombo imo, kazi ya zima moto imo, na kazi ya zamu ya usiku imo. Kwa hiyo usitafute jina la dawa tu. Tafuta pia jina la kazi yako.

5. MAKUNDI MANNE NA MAANA YAKE

Safu iliyo muhimu kuliko zote ni ya kundi.

Kundi la 1: Kitu hiki huleta saratani kwa binadamu. Hapa hakuna "labda". Vitu vya kundi hili vimepita 120.

Kundi la 2A: Yaelekea huleta saratani kwa binadamu. Kwa kawaida ushahidi wa wanyama watosha, ila ule wa watu bado una upungufu.

Kundi la 2B: Huenda kikaleta. Ushahidi ni mdogo zaidi.

Kundi la 3: Hakiwezi kupangwa kwa ushahidi uliopo.

Zamani kulikuwa na kundi la 4, la vitu ambavyo yaelekea havileti saratani. Lilikuwa na kitu kimoja tu, kitumikacho kutengenezea nailoni, na mwaka 2019 kundi hilo liliondolewa.

Shikeni sana maana ya kundi la 3. Msimamizi anaweza kuwaambia: "Hii iko kundi la 3, kwa hiyo ni salama." Sivyo. Kundi la 3 maana yake watafiti hawana ushahidi wa kutosha kusema ndiyo wala hapana. Vilevile, kitu kisichoonekana kabisa katika orodha si kwamba kimesafishwa. Ni kwamba hakijachunguzwa. Tena orodha hii yahusu saratani tu. Dawa yaweza isilete saratani hata kidogo, na bado ikakuua kwa sumu siku ile ile.

6. TUJARIBU PAMOJA

Shambani. Tafuteni lindani, dawa ya wadudu ya zamani: kundi la 1, uamuzi wa mwaka 2015, juzuu ya 113. Tangu mwaka 2009 imo katika Mkataba wa Stockholm wa kuondoa sumu zinazodumu, ingawa matumizi ya kutibu chawa na upele yaliachiwa nafasi. Mkiikuta katika kona ya stoo ya zamani, msiifungue, toeni taarifa. DDT ni kundi la 2A, juzuu hiyo hiyo. Mkataba huo haukuifuta kabisa. Uliiachia nafasi katika vita dhidi ya mbu wa malaria. Dawa ya magugu ya 2,4-D ni kundi la 2B. Glifosati, malathioni na diazinoni zote ni kundi la 2A, juzuu ya 112.

Kiwandani. Asbestosi za aina zote: kundi la 1. Vumbi la mchanga mweupe linalotoka katika kupasua mawe na kusafisha vyuma kwa mchanga: kundi la 1. Vumbi la mbao: kundi la 1. Vumbi la ngozi: kundi la 1. Moshi wa injini za dizeli, pamoja na jenereta iliyowekwa ndani ya banda: kundi la 1 tangu mwaka 2012. Moshi wa kuchomelea vyuma: kundi la 1 tangu mwaka 2017. Benzeni, iliyomo katika petroli na katika baadhi ya viyeyusho: kundi la 1. Zamu ya usiku: kundi la 2A.

7. ORODHA INASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Hapa ndipo pahitaji kichwa kitulivu. Sigara iko kundi la 1. Nyama za viwandani, kama soseji, nazo ziko kundi la 1 tangu mwaka 2015. Je, kula soseji ni sawa na kuvuta sigara? La. Kundi halipimi ukubwa wa hatari. Linapima uhakika wa ushahidi.

Tuchukue mfano wa nyoka. Watafiti wanakuambia: nyoka huyu ana sumu. Hawakuambii kama amefungwa kapuni au amelala kitandani mwako. Kuna mtu anayepita kando ya shamba lililopuliziwa wiki jana, na kuna mtu anayebeba bomba linalovuja mgongoni siku 6 kwa wiki, kwa miaka 15, bila glavu. Nyoka ni yule yule, lakini hawa wawili hawalali naye kitanda kimoja. Basi orodha ikishatupa kundi, kazi inayobaki ni yetu: ni wangapi wanaoshika dawa hiyo, kwa saa ngapi, kwa vifaa gani, na maji ya kunawa yako wapi?

Pia msishangae mkiambiwa kwamba wataalamu wengine walisema tofauti. Ni kweli. Juu ya glifosati, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilitangaza Novemba 2015 kwamba haielekei kuleta saratani kwa binadamu, na mwaka 2023 Umoja huo uliongeza ruhusa yake kwa miaka 10. Kwa nini watofautiane? Watafiti wa Lyon hupima ushahidi uliowekwa wazi tu, na walitazama pia dawa kamili kama inavyouzwa. Mamlaka ya Ulaya ilipima pia uchunguzi uliotolewa na makampuni, na ilitazama zaidi kile kitu chenye nguvu peke yake. Chama chetu hakipaswi kuficha tofauti hiyo. Mwajiri akiileta mezani, tumjibu hivi: wataalamu wanabishana juu ya saratani, lakini hakuna mtaalamu hata mmoja aliyesema mpuliziaji afanye kazi bila glavu, bila buti na bila maji.

8. MALI BILA DAFTARI

Jeraha la mashine huonekana siku ile ile. Saratani haiendi hivyo. Ile iletwayo na asbestosi hujitokeza kwa kawaida baada ya miaka 20, 30, hata 40. Kufikia hapo mfanyakazi amestaafu, kampuni imebadili jina au imeuzwa, na msimamizi wa wakati ule hayupo. Mgonjwa akiulizwa, "Ulikuwa ukitumia nini?" hujibu, "Dawa ya kijani, kwenye madebe." Kwa jibu hilo hapati fidia, wala daktari hapati pa kuanzia.

Mali bila daftari huisha bila habari. Na afya ni mali. Tunaagiza kila tawi liwe na daftari la dawa, lenye safu hizi: tarehe, shamba au idara, jina la biashara, jina la kitu chenye nguvu na namba ya CAS, kundi katika orodha, majina ya waliofanya kazi, vifaa walivyopewa, na mtu aliyejisikia vibaya, kama yupo. Daftari likae kwa katibu, na nakala ikae kwa mtu mwingine, mahali pengine. Haligharimu zaidi ya bei ya daftari la shule.

9. TUDAI NINI?

Shirika la Kazi Duniani lina mikataba inayotuhusu. Mkataba wa 139 wa mwaka 1974 ni wa saratani za kazini, wa 170 wa mwaka 1990 ni wa kemikali kazini, na wa 184 wa mwaka 2001 ni wa usalama katika kilimo. Mkataba wa 170 unataka wafanyakazi na wawakilishi wao wapewe habari za kemikali wanazotumia. Katibu wa tawi achunguze ni mikataba gani nchi yake imeridhia. Zaidi ya hayo, mwezi Juni 2022 mahali pa kazi penye usalama na afya paliingizwa katika haki za msingi, na mataifa yote wanachama yana wajibu wa kuiheshimu haki hiyo, hata yale ambayo hayajaridhia mikataba yake.

Barua ya kwanza iwe fupi na ya adabu. Mfano:

"Kwa Meneja. Tawi letu linaomba nakala za karatasi za usalama za dawa zote zilizomo stoo. Tumeona kwamba dawa yenye glifosati, namba ya CAS 1071-83-6, iliwekwa kundi la 2A mwaka 2015, juzuu ya 112. Tunaomba kikao cha kuzungumzia vifaa vya kujikinga, mahali pa kunawia, na uwezekano wa kutumia njia nyingine ya kupalilia. Tunangoja jibu lako kwa maandishi."

Katika kikao hicho fuateni utaratibu. Kwanza ulizeni: je, kitu hiki chaweza kuachwa kabisa, au kubadilishwa kwa kilicho salama zaidi? Pili: kama hakiachiki, chaweza kutengwa na watu, kwa mfano vumbi kunyonywa na mashine au kulowekwa maji, na jenereta kutolewa nje? Tatu: saa za kukaa nacho zaweza kupunguzwa? Glavu na barakoa ni ngao ya mwisho. Mwajiri anayeanzia kwenye barakoa ameanzia mwisho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Chukueni dawa moja kutoka stoo yenu. Jina lake la biashara ni lipi? Kitu chenye nguvu ni kipi?
2. Kagueni namba yake ya CAS kwa hesabu tuliyoonyesha. Inalingana?
3. Iko kundi gani? Kama haimo katika orodha, je, hiyo ni sababu ya kusema ni salama?
4. Elezeni kwa maneno yenu tofauti kati ya uhakika wa ushahidi na ukubwa wa hatari.
5. Ni nani katika tawi letu anayekaa karibu zaidi na "nyoka"? Tumemsaidia nini?
6. Nani atashika daftari, na nakala itakaa wapi?

Tawi litakalokamilisha ukurasa wa kwanza wa daftari lipeleke nakala kwa katibu wa wilaya, ili matawi yanayotumia dawa ile ile yajuane na yadai kwa sauti moja.

Kinga ni bora kuliko tiba. Umoja ni nguvu.